Nyumba Pacha: Somo la Kujenga Nyumba Mbili kwa Kiwanja Kimoja

Mzazi ana kiwanja kimoja na watoto wawili walio karibu kuwa na miji yao. Kiwanja kiko Wiyoni, au Mokowe, au Mpeketoni. Mara nyingi mambo huenda hivi: nyumba ya kwanza hujengwa katikati ya kiwanja pesa zilipopatikana, na miaka michache baadaye ya pili hubanwa pale palipobaki. Dirisha la chumba cha kulala huishia kutazama ukuta. Maji ya mvua ya paa moja humwagika kwenye msingi wa nyumba nyingine. Shimo la choo huchimbwa hatua chache kutoka kisimani. Halafu ndugu wa tumbo moja huanza kusalimiana kwa shida.

Somo la toleo hili ni njia ya kuepuka hayo: nyumba pacha. Ni nyumba mbili zilizopangwa pamoja tangu siku ya kwanza, zenye umbo moja sahili, zikajengwa kwa matofali ya saruji na zege, au konkriti kama mafundi wengi wanavyoiita. Zinaweza kujengwa kwa wakati mmoja au moja baada ya nyingine. La muhimu ni kwamba mambo ambayo nyumba hizo zitashirikiana, yaani ukuta, maji, upepo na sitara, yakubaliwe na kuchorwa kabla jembe halijagusa ardhi.

Pacha si jambo geni Lamu

Ukipita katika vichochoro vya Mkomani, inua macho. Hapa na pale utaona chumba kimevuka juu ya njia, kimeegemea nyumba ya upande huu na ya upande wa pili. Hiyo ndiyo wikio. Desturi ya familia zenye uwezo katika mji wa kale ilikuwa baba kumpa binti nyumba anapoolewa, na nyumba hiyo ikijengwa karibu na ya wazazi, au juu yake. Wikio iliunganisha nyumba hizo ili mama na binti watembeleane bila kushuka njiani. Njia ya umma ilibaki wazi chini, na familia ikabaki pamoja juu.

Wikio haiwezi kujengwa na mtu mmoja peke yake. Boriti zake hulala juu ya kuta za nyumba mbili, kwa hivyo lazima pande mbili zikubaliane nani abebe uzito na nani atengeneze panapoharibika. Makubaliano yalitangulia ujenzi, na hilo ndilo la kwanza tunalojifunza kwa wazee wetu.

La pili ni usahili. Nje, nyumba ya mawe ya Lamu ni ukuta mtupu. Pambo lake la njiani ni mlango wa nakshi na daka, ile baraza ya mlangoni anapoketi mgeni. Urembo umewekwa ndani, katika plasta ya chokaa na zidaka za ukutani, mahali wanapoishi wenyewe. Basi mtu anapoona picha ya nyumba ya kisasa isiyo na nguzo za urembo wala paa la ngazi tatu, asidhani ni mtindo uliotoka mbali. Ukuta mtupu una kazi: hauna pembe za kushika maji, hautaki rangi nyingi, na fundi wa kawaida anaweza kuujenga ukanyooka.

Baba na mwana wa Ufaransa

Mfano unaojulikana sana duniani wa nyumba pacha za matofali na zege uko Neuilly-sur-Seine, karibu na Paris. Msanifu majengo Le Corbusier alibuni nyumba mbili kwa ajili ya André Jaoul na mwanawe Michel, kila mmoja na jamaa yake, na zikakamilika katikati ya miaka ya 1950. Kuta zake ni za matofali yaliyoachwa wazi bila plasta, na mihimili ya zege imeachwa ionekane na alama za mbao za fundi.

Nyumba hizo hazikuwekwa sambamba zikitazamana. Moja imekaa kwa upande na nyingine imeelekezwa upande mwingine, kama herufi L iliyokatika, ili dirisha la mwana lisiingie chumbani kwa baba. Kila nyumba imegawanywa kuwa safu mbili nyembamba, moja ya upana wa mita 3.66 na nyingine ya mita 2.26, na vyumba vyote hukaa ndani ya safu hizo.

Mzee wa Lamu hawezi kushangazwa na vipimo hivyo. Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haiwezi kuvuka mbali. Upana wake kwa kawaida hauzidi mita 3 hivi. Mti wa mkoko ndio uliotoa kipimo, na nyumba ikaufuata.

Kwa nini upana wa mita 3 bado una maana

Mtu atauliza: tukiwa na zege na vyuma, mbona tujifunge na kipimo cha boriti? Jibu liko katika hesabu ambayo kila mhandisi anaijua. Slebu inapovuka kutoka ukuta hadi ukuta, nguvu inayoikunja katikati haiongezeki sawa na upana. Huongezeka kwa upana uliozidishwa kwa wenyewe. Mita 3 mara 3 ni 9. Mita 5 mara 5 ni 25. Kwa hiyo chumba cha mita 5 huikunja slebu karibu mara tatu ya chumba cha mita 3, ingawa upana haujafika hata mara mbili.

Nguvu hiyo hulipiwa kwa slebu nene zaidi, vyuma vinene zaidi na mihimili. Nayo slebu nene ni mzito zaidi, ikataka msingi mkubwa zaidi. Visiwani kila mfuko wa saruji na kila chuma hufika kwa mashua, kisha hubebwa kwa punda au kwa mkokoteni. Chumba chembamba na kirefu kinakupa nafasi ileile kwa gharama ndogo. Ukitaka sebule kubwa, iongeze urefu badala ya upana.

Mfano wa kufanyia kazi

Tuchukue kiwanja cha mita 16 kwa 20, mbele kikipakana na njia. Tunataka nyumba mbili zenye ukuta mmoja wa pamoja katikati.

Kila nyumba ina safu mbili za vyumba, kila safu mita 3. Safu nne ni mita 12. Kuta za nje na ukuta wa pamoja ni za tofali la inchi 9, yaani sentimita 22.5, kuta za ndani ni za tofali la inchi 6, yaani sentimita 15. Ukijumlisha kuta zote, nyumba mbili zinachukua upana wa mita 13. Zinabaki mita 3, na kila upande unapata mita 1.5 ya kupitisha upepo na mtu.

Urefu wa kila nyumba uwe mita 11. Mita 9 zinazobaki zigawanywe: mbele daka na nafasi ya kuingilia, nyuma mahali pa kufulia, tangi na shimo la maji taka.

Hapa kuna kasoro ambayo lazima itatuliwe. Safu inayogusa ukuta wa pamoja haiwezi kuwa na dirisha upande huo. Ina mwanga mbele na nyuma tu, na chumba cha katikati kitakuwa na giza na joto. Wazee walitatua jambo hili kwa kiwanda, ua mdogo wa ndani ulio wazi juu. Nasi tufanye hivyo: katikati ya safu hiyo, kila nyumba iache mita 3 kwa 3 bila paa. Viwanda viwili vitakaa mgongo kwa mgongo, ukuta wa pamoja ukiwa kati yake. Hewa ya moto itapanda na kutoka, na vyumba vya mbele na vya nyuma vitapata dirisha la pili.

Familia ikitaka, ukuta kati ya viwanda hivyo uwekwe mlango mmoja wenye komeo pande zote mbili. Huo ndio wikio ya nyumba ya chini. Bibi atapita kumwangalia mjukuu bila kutoka nje, na siku upande mmoja unapotaka faragha, utafunga.

Faida ya ukuta wa pamoja yahesabika. Ukuta wa urefu wa mita 11 na kimo cha mita 3 ni mita 33 za mraba. Tofali lenye uso wa sentimita 40 kwa 20 huhitajika takriban 12.5 kwa kila mita ya mraba. Kwa kujenga ukuta mmoja badala ya miwili, familia huokoa zaidi ya matofali 400, pamoja na saruji, mchanga na ujira wake.

Ukuta wa pamoja una masharti

Akiba hiyo itageuka hasara ukuta usipojengwa vizuri. Zingatieni haya manne.

Kwanza, usiwe mwembamba. Tofali la inchi 6 hupitisha sauti, na mazungumzo ya usiku ya nyumba moja yatasikika nyumba ya pili. Tumieni inchi 9, na viungo vya matofali vijazwe udongo wa saruji kabisa, visiachwe matundu.

Pili, uende juu hadi ukutane na slebu au upite paa. Ukuta unaoishia chini ya dari huacha njia ya moto, moshi na panya kutoka nyumba moja hadi nyingine. Kwa paa la makuti, moto ukianza kwa jirani hautangoja mtu aamke.

Tatu, mabomba ya maji na nyaya za umeme za nyumba moja zisizikwe ndani ya ukuta huo. Bomba likipasuka, fundi atalazimika kubomoa kwa mwenzako.

Nne, kama nyumba ya pili itajengwa baadaye, msingi wa ukuta wa pamoja ujengwe kwa uzito wa nyumba mbili tangu mwanzo. Familia isiyo na uwezo huo ni afadhali iache ukuta wa pamoja, na nyumba ya pili ijengewe ukuta wake kando, pengo dogo likiachwa kati yake na kufunikwa juu lisiingize maji. Nyumba mpya kwenye ardhi ya mchanga hukaa na kushuka kidogo. Ikiwa imeshikamanishwa na ya zamani, ufa utatokea. Na kamwe msichimbe msingi mpya chini zaidi ya msingi wa nyumba iliyo jirani bila mhandisi kuwapo.

Adui wa zege ni chumvi

Nyumba nyingi za zege za pwani haziharibiki kwa uzito. Huharibiwa na chumvi. Chumvi ikifikia chuma kilicho ndani ya zege, chuma hupata kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Husukuma zege kutoka ndani mpaka inapasuka na kumeguka vipande. Ukiona mstari wa rangi ya kahawia chini ya slebu, ujue kazi hiyo imeshaanza.

Chumvi huingia kwa njia tatu: mchanga wa ufukweni, maji ya kisima cha chumvi, na upepo wa bahari. Mbili za kwanza zimo mikononi mwetu. Msitumie mchanga wa ufukweni kwa kazi yoyote yenye vyuma. Changanyeni zege kwa maji matamu, na kwa maji hayohayo mwagilieni zege mpya kila siku kwa muda usiopungua siku 7, ikiwa imefunikwa magunia. Zege iliyokaushwa na jua haraka hubaki na vitundu vingi ambavyo chumvi hupitia.

Kwa upepo wa bahari, kinga ni unene wa zege iliyofunika chuma. Karibu na bahari mhandisi kwa kawaida atataka milimita 40 au zaidi. Fundi aweke vipande vidogo vya saruji chini ya vyuma kabla ya kumwaga, ili visilale juu ya mbao. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na mara nyingi ndiyo inayorukwa.

Vyumba vyembamba vinasaidia hapa pia. Slebu fupi inahitaji chuma kidogo, na kilicho kidogo ni rahisi kukisimamia.

Maji ya nyumba mbili

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Mapaa ya mfano wetu, ukiondoa viwanda viwili, ni takriban mita 125 za mraba. Mvua ya milimita 100 italeta lita 12,500. Tukitoa moja ya tano kwa yanayopotea, lita 10,000 zinabaki. Tangi moja kubwa la pamoja hugharimu kidogo kuliko mawili madogo, lakini kila nyumba iwe na bomba lake na makubaliano yake wakati wa kiangazi.

Shimo la maji taka nalo linaweza kuwa moja kwa nyumba zote mbili. Liwekwe mbali na kisima. Kipimo kinachopendekezwa kwa kawaida ni mita 30. Kiwanja kidogo hakina mita hizo, ndiyo sababu lazima mtazame pia visima vya majirani kabla ya kuchagua upande. Katika kisiwa cha Lamu hili ni zito zaidi, kwa kuwa maji matamu ya mji hutegemea mvua inayonyonywa na vilima vya mchanga vya Shela. Kuchota mchanga wa vilima hivyo kwa ujenzi, au kujenga juu yake, ni kupunguza maji ya kila mtu.

Upepo na sitara

Kaskazi huvuma miezi ya mwisho wa mwaka na mwanzo wake, na kusi hushika katikati ya mwaka. Chumba kinachopoa ni kile chenye tundu la kuingilia na tundu la kutokea. Kabla ya kuchora, simameni kiwanjani jioni mjue upepo unatoka wapi, kisha hakikisheni nyumba ya kwanza haiinyimi ya pili.

Madirisha ya nyumba mbili yasitazamane. Yakilazimika kuwa upande mmoja, yapishane, au yainuliwe juu ya kimo cha mtu. Milango ya mbele nayo isikabiliane. Kila nyumba iwe na daka lake, na mgeni wa mmoja asilazimike kupita mbele ya mwenzake.

Kabla ya kuchimba

Andikeni makubaliano haya, yasainiwe mbele ya mashahidi: nani mwenye ukuta wa pamoja na nani hulipia matengenezo, kama ghorofa inaruhusiwa baadaye na msingi umejengwa kuibeba, nani mwenye haki ya kuziba mlango wa kati, tangi na shimo la maji taka vinagharamiwa vipi, na itakuwaje mmoja akitaka kuuza. Kwa familia za Kiislamu, andikeni pia kama nyumba ni zawadi iliyokwisha kukabidhiwa au itaingia katika mirathi, kwa sababu swali hilo likiachwa wazi hufika kwa Kadhi wakati mwenye jibu ameshazikwa.

Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, ujenzi unahitaji kibali cha kaunti. Nyumba pacha ziwasilishwe kwa ramani moja inayoonyesha zote mbili, hata kama ya pili itajengwa baadaye. Hakikisheni pia kwamba mkandarasi amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.

Mfano huu ni wa viwanja vilivyo nje ya mji wa kale. Mji Mkongwe wa Lamu uliandikishwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, na kazi yoyote humo hupitia pia Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Nyumba ya matumbawe na chokaa haipatani na saruji: plasta ya saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta, na ukuta huoza kimya kimya. Nyumba za humo hutengenezwa kwa chokaa na boriti.

Zoezi la nyumbani

Chukueni utepe wa kupimia. Pimeni upana wa chumba kimoja katika nyumba ya mawe ya jamaa yenu, au tembeleeni Nyumba ya Kiswahili iliyohifadhiwa na makavazi mjini Lamu. Kisha pimeni chumba cha nyumba mpya mtaani kwenu. Zidisheni kila upana kwa wenyewe mlinganishe majibu. Baada ya hapo chukueni kamba na vigingi, mchore nyumba zote mbili chini kwenye kiwanja chenu kwa vipimo vyake kamili, na kila atakayeishi humo atembee ndani: aingie mlangoni, asimame dirishani, aende chooni, atazame anaona nini kwa mwenzake. Kigingi kinang'oka kwa mkono. Mkimaliza kuvihamisha, pelekeni vipimo hivyo kwa mchoraji wa ramani.